Mnara wa Nywele

Ukimwona Agnès amesimama mlangoni pa saluni yake pale Rosettenville, mikono kiunoni, usidhani anasubiri wateja. Anakagua vichwa. Mwanamke akipita upande wa pili wa barabara, Agnès anamtazama kuanzia utosini, anashuka mpaka kisogoni, halafu anasonya. "Yule kasukwa na adui yake." Anakuja wa pili: "Wigi lile alilalia basi zima kutoka Polokwane." Mwanaume mwenye upara anamwacha apite salama, kwa sababu upara kwake ni kiwanja kitupu, hakina habari. Miaka kumi na tisa sasa tangu ahamie Johannesburg kutoka Kalemie, na sijamsikia mtu hata mmoja aliyekatiza pale akapona.

Kinachoudhi zaidi ni kwamba mwenyewe ana kichwa cha kusemea. Nywele zake ni nyeusi, nzito, zinafika mabegani, na hazijawahi kuguswa na dawa. Saluni yake haina bango. Kichwa chake ndicho bango, na yeye anajua hivyo, anatembea nacho kama mtu aliyebeba keki ya harusi. Wateja wanaingia wakinyoosha kidole: "Nataka kama zako." Naye hujibu bila haya, "Kama zangu alitengeneza Mungu, akapumzika. Wewe kaa, nitakutengenezea za kukaribia."

Wateja wake wengi ni Wakongo wenzake, wanawake wa Uvira, wa Bukavu, wa Kalemie kwao, na wengi wao wana mazoea yanayomchefua. Hawaachi nywele zao saluni. Mtu akishafumuliwa, anainama chini ya kiti, anaokota kila uzi, anachomoa hata zilizonasa kwenye kitana, anazitia kwenye mfuko wa plastiki wa spaza, kile kiduka cha mtaani, anafunga fundo, anautumbukiza mkobani. Wanaogopa nywele zisiangukie mikononi mwa mtu mbaya. Agnès, mwimbaji wa kwaya, mtu aliyeokoka, hawezi kunyamaza.

"Mama Exaucé," anasema kwa sauti ya kufika mpaka kwenye robot, zile taa za barabarani, "ni mchawi gani huyo asiye na kazi, ahangaike na mba zako?"

Saluni nzima inacheka. Mama Exaucé, mwanamke mpole anayeuza samaki wakavu, anacheka pia kwa aibu, lakini mfuko hauachi.

Basi mwezi wa tatu mama yake Agnès akafariki, huko Kalemie.

Siku mbili Agnès hakumsema mtu. Kwenda kuzika hakuweza. Yeye ni mkimbizi, na hati yake ya kusafiria imeandikwa waziwazi kwamba inafaa kwa nchi zote isipokuwa Kongo. Akitaka aende Brazili akacheze ngoma, ruhusa. Akitaka aende kwa Wachina, ruhusa. Kumzika mama yake, hapana. Akaliona kaburi kwenye simu, picha ikikwama kila mara, udongo unabaki umening'inia kwenye koleo. Alilia mpaka sauti ikakauka, na hapo sina la kumcheka.

Baada ya wiki kadhaa kaka yake mkubwa, Marcellin, akampigia. Matanga yangemalizwa mwezi wa saba, Jumamosi ya pili. Na kwao matanga hayamalizwi hivihivi. Watoto wote wa marehemu wananyoa vichwa, nywele za kila mmoja zinafungwa peke yake, zinazikwa miguuni pa kaburi, na kila fungu likishushwa anaitwa mwenyewe kwa jina. Aliye mbali ananyoa huko aliko, anatuma.

"Usipotuma, Agnès, itakuwa kama hukumzika," Marcellin alisema. "Mwili wako haukufika. Basi nywele zifike."

"Ndiyo, yaya," akajibu, kama anavyojibiwa kaka mkubwa.

Simu ilipokatika, akajitazama kwenye kioo. Anyoe? Mbele ya Rosettenville nzima? Ngoja, bango likienda Kalemie, saluni itatangazwa na nini? Na wale aliowasema miaka kumi na tisa, si wangepanga foleni kuja kutazama? Halafu akakumbuka wokovu wake, ukamjia mbio kumsaidia. Mambo ya kuzika nywele ni mambo ya giza, akajiambia. Mama mwenyewe alikuwa mtu wa kanisa. Mungu hatazami nywele.

Akateremsha wigi moja jeusi kutoka kwenye kichwa cha plastiki dirishani, la nywele halisi za mtu, nani ajuaye mtu gani. Akakata fungu la kutosha, tena kwa ukarimu, asije akaonekana mchoyo. Akalifunga na uzi mweusi, akalitia kwenye bahasha, akaipaka gundi pande zote, akaandika AGNÈS kwa herufi kubwa. Binti yake Shekinah alikuwa anatazama. Ana miaka kumi na saba, kazaliwa hapahapa, Kiswahili anakisikia vizuri lakini kukisema mpaka alazimike.

"Ma, si za wigi hizo?" akauliza kwa Kiingereza chake.

"Ni za mtu. Nyamaza."

"Mtu gani?"

"Nywele ni nywele," Agnès akasema. "Chini ya udongo nani atakuja kukagua?"

Maneno hayo aliyasema mtu ambaye kutwa nzima kazi yake ni kukagua. Bahasha akampa dereva wa basi la Lubumbashi, ambaye angempa mtu wa kuifikisha Kalemie, akarudi saluni akiwa mwepesi.

Mwishoni mwa mwezi wa sita akasafiri kwenda Guangzhou, Uchina. Alikuwa amechoka na mawigi ya wauzaji wa mjini, yanayomwaga nywele kama kuku anayenyonyolewa, akataka akachague mwenyewe. Mwenzake wa safari alikuwa Fauzia, mtu wa Tanga mwenye duka la viatu na mitandio karibu na Doornfontein, mwanamke wa maneno machache na macho yanayoona sana. Huko wakapokewa na Gaël, kijana wa Kolwezi aliyekaa Uchina miaka tisa akiwatafsiria wafanyabiashara.

Agnès hakuona kitu cha kumpendeza. Chai haina sukari. Samaki anakuja mezani na macho yake. Kila alikopita alikagua vichwa, na hapo akapata shida, kwa sababu vichwa vyote vilikuwa na nywele nzuri. Hilo lilimkera siku tatu mfululizo.

Siku ya nne kiwanda cha mawigi hakikufunguliwa. Gaël akasema, "Mama, badala ya kukaa hotelini, niwapeleke kwenye hekalu la kale. Lina miaka zaidi ya elfu moja na mia tatu. Watu wanatoka mbali kuja kuliona."

"Hekalu la sanamu?" Agnès akauliza. "Mimi ni mtu wa Mungu."

"Unaangalia tu, Mama Shekinah," Fauzia akasema, akijifunika vizuri mtandio wake. "Hakuna atakayekubatiza."

Wakaenda. Lilikuwa katikati ya mji, limezungukwa na maghorofa, paa zake zimepinda ncha kuelekea juu, miti mikubwa uani. Langoni kulikuwa na kizingiti cha mbao kirefu, na Gaël akawaambia wasikikanyage, wakiruke. Agnès akakikanyaga kwa mguu wote. Msichana mmoja akawagawia udi, vijiti vitatu kila mtu, bure. Fauzia akakataa kwa heshima, mkono kifuani. Agnès akavipokea, akavinusa, akasema ni vya bei rahisi, akavitupa kwenye pipa la taka. Bibi mmoja aliyekuwa akiinama mbele ya sanamu, mara tatu, polepole, magoti yakilia, akageuka kumtazama. Agnès akamtazama naye, hasa kichwani. "Mvi zimemjaa, rangi hana hela ya kununua, lakini udi anachoma."

"Anaombea watu wake," Gaël akasema.

"Sanamu ina masikio marefu vile na bado haisikii."

Mtawa mmoja akapita na joho la kijivu, simu sikioni. Agnès akacheka mpaka akashika ubavu. Fauzia akasogea pembeni kidogo, kama mtu aliyekuja na mgeni asiyemfahamu.

Nyuma ya ukumbi mkubwa palikuwa na mti mkongwe, na karibu na mti, mnara mdogo wa matofali wenye tabaka saba, umezungushiwa uzio wa jiwe. Watu waliuzunguka kimya, viganja vimekutanishwa.

"Na hapa wanaabudu nini?" Agnès akauliza.

"Hapa kuna nywele," Gaël akasema.

"Kuna nini?"

"Nywele. Zamani hizo kulikuwa na mtawa mkubwa, alinyolewa chini ya mti huu alipoingia utawa. Hawakuzitupa. Walizizika hapa, wakajenga mnara juu yake."

Agnès alimtazama Gaël, akautazama mnara, akamtazama tena Gaël kuona kama anataniwa. Halafu akaangua kicheko, kile cha saluni, cha kufika kwenye robot. Njiwa wakaruka kwenye paa.

"Yesu wangu! Mnara mzima kwa nywele za mwanaume! Mimi nafagia minara miwili kila Jumamosi! Fauzia, nipige picha, nipige haraka."

Akauegemea uzio, akatoa ulimi, kidole kikiuonyesha mnara. Fauzia akapiga. Papo hapo Agnès akaitia picha kwenye stetasi yake ya WhatsApp, na chini yake akaandika: *Watu wazima wanazika nywele! Kumbe ujinga nao ni kipaji.*

Pembeni mtawa mzee alikuwa akifagia majani. Agnès alikuwa ameshamkagua. Alinyolewa vibaya, kisogoni kumebaki kijishamba, na ufagio anaushika kama upawa. Lakini swali lilikuwa limemwasha, swali la kazi yake.

"Gaël, muulize yule. Wanajuaje kwamba ni za huyo mtu wao? Mimi hii ni kazi yangu. Nywele ikishakatwa haina jina. Naweza kukuletea za mbuzi ukalia nazo mwaka mzima."

Gaël alisita, halafu akauliza, na ilionekana wazi kwamba mbuzi hakumtaja. Mzee akauegemea ufagio wake, akafikiri, akajibu kwa maneno machache.

"Anasema waliomnyoa ndio waliozizika, siku ileile. Halafu naye anauliza."

"Anauliza nini?"

"Anauliza, kwani kuna mtu anaweza kuzika za mwingine, halafu akaomboleza?"

Agnès alifungua mdomo acheke. Kicheko hakikuja. Mzee alishaendelea na majani yake, hana habari. Agnès akabaki na mdomo wazi mbele ya matofali yale, na badala ya mnara akaiona bahasha, imepakwa gundi pande zote, na jina lake juu yake, na ndani yake mtu asiyemjua akienda kulala miguuni pa mama yake.

Akaenda kukaa kwenye benchi la jiwe.

"Hana adabu yule mzee," akasema.

"Kakwambia nini kibaya?" Fauzia akauliza.

Na Agnès, ambaye hajawahi kumwambia mtu siri bila kwanza kusikia yake, akayamwaga yote. Fauzia akamsikiliza mpaka mwisho.

"Umempelekea mamako wigi?"

"Si wigi zima. Kipande."

"Ahaa. Kipande," Fauzia akasema. "Basi hapo hamna neno."

Wakakaa. Bibi wa mvi akapita, akawainamia kichwa, wote wawili. Baadaye kidogo Fauzia akauliza, sauti yake safari hii bila mzaha, "Kaka yako huwa anaangalia stetasi zako?"

Agnès aliinyakua simu hata mkoba ukaanguka. Watu arobaini na mmoja walikuwa wameshaitazama picha. Wa tatu kutoka juu, Marcellin. Chini yake, Murielle, mke wa Marcellin. Akaifuta, lakini unafuta nini kwenye macho ya mtu aliyekwisha kusoma? Tangu siku hiyo kila ujumbe aliomtumia kaka yake ulionekana umesomwa, na jibu hakuna.

Alirudi Johannesburg Jumatatu. Matanga Jumamosi. Jumanne asubuhi saluni ilikuwa imejaa, watu wamekuja kuona mawigi mapya, na Agnès akapita katikati yao akakaa kwenye kiti chake mwenyewe, mbele ya kioo kikubwa.

"Shekinah. Lete mashine."

"Ya nani?"

"Yangu. Ninyoe. Usiulize kitu."

"Eish, Ma!"

"Nimesema ninyoe!"

Drayer zikazimwa moja baada ya nyingine. Mtoto akaanza mbele, na fungu la kwanza likaanguka mapajani kwa Agnès zito kama kitambaa kilicholowa. Hakuna aliyecheka. Nadhani yeye angependa wacheke, angejua la kujibu. Bango lote likashuka chini, na kioo kikamwonyesha kichwa kidogo, chenye kovu juu ya sikio alilolipata akiwa na miaka sita, mama yake akimbeba kumkimbiza zahanati. Alikuwa amelisahau kovu lile. Akaliwekea kidole, akalia waziwazi mbele ya wateja.

Mama Exaucé ndiye aliyeinuka. Akapiga magoti chini ya kiti, akaokota uzi mmojammoja, hata zilizoingia kwenye meno ya mashine, akatia kwenye mfuko wa plastiki, akafunga fundo. Akamkabidhi Agnès kwa mikono miwili, akarudi kukaa. Hakusema chochote, mwanamke yule, na kwa miaka aliyosemwa alikuwa na haki ya kusema mpaka jioni.

Agnès akapiga simu ya video. Ikaita, ikaita, mwisho Marcellin akatokea. Akakitazama kichwa cha dada yake muda mrefu.

"Umependeza," akasema.

"Yaya, hizi ndizo zangu. Zote. Basi la Lubumbashi linaondoka Alhamisi. Sogezeni matanga wiki mbili tu, zitafika."

"Agnès, bahasha ya mtu huwa hatufungui. Inazikwa ilivyokuja. Ya kwako ingezikwa ilivyokuja." Marcellin hakupandisha sauti. "Lakini tulisoma maneno yako ya Uchina. Mama mdogo akasema, hebu fungueni, tumwone huyu mjuaji ametutumia nini. Akazishika mara moja tu. Akasema, hizi zimetoka dukani."

"Yaya, nisamehe. Nilikosa. Mwambie mama mdogo nimekosa."

"Alikusuka wewe mpaka umekwenda shule. Ulidhani hatazijua?"

"Wiki mbili, yaya. Nakuomba."

"Watu wameshafika, chakula kimeshanunuliwa. Jumamosi tunamaliza. Sisi wajinga, wenye kipaji." Akakata.

Jumamosi mchana Hénock, mtoto wa Marcellin, akatuma video kwenye kundi la familia. Agnès aliitazama amesimama, Shekinah begani kwake, na mteja kwenye kiti na nusu ya kichwa imesukwa. Kaburi la mama limejengewa vizuri, saruji mpya. Miguuni pake shimo dogo. Watoto wa marehemu wamejipanga, vichwa vyote vinang'aa kwa jua, na Marcellin anaita majina kwa kufuata kuzaliwa, yeye mwenyewe kwanza, halafu wadogo zake. Ignace. Kifungu kinashuka. Emery. Kifungu kinashuka. Anayemfuata Emery kuzaliwa ni Agnès. Marcellin akavuta pumzi, akamwita mdogo wao wa mwisho.

"Ma," Shekinah akasema, na kwa mara hiyo moja alisema Kiswahili bila kulazimishwa, "wamekuruka."

Video iliendelea. Udongo ukarudishwa, nyimbo zikaanza, wakwe wakaingia na vitenge vipya, maana matanga yamekwisha na watu wanaruhusiwa kupendeza. Mbele yao Murielle, akicheza taratibu, kichwa kimesukwa upya, mistari midogo imerudi nyuma mpaka shingoni, nyeusi, inang'aa. Agnès akaisimamisha video. Akaikuza picha kwa vidole viwili. Nywele zile alizijua. Alizikata mwenyewe dirishani pale, kwa ukarimu, asionekane mchoyo.

Mteja akageuza shingo naye atazame. Akasubiri, kama wanavyosubiri wote, asikie Agnès atasema nini juu ya kichwa kile.

"Zimesukwa vizuri," Agnès akasema.

Akaiweka simu kifudifudi, akachukua kitana. Mfuko wa spaza ulikuwa bado umekaa chini ya kioo, kati ya mafuta na vibanio, na Shekinah alipofika hapo na kitambaa cha kufutia vumbi akauinua, akamtazama mama yake.

"Na hizi tunazipeleka wapi?"

Agnès alichambua fungu jingine kwenye kichwa cha mteja, akaanza kusuka. Mtoto akasubiri jibu, halafu akafuta vumbi, akaurudisha mfuko mahali pake.